Nyuzi za mabaki, blanketi la mtoto

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya akina mama, Newala, mwezi wa Juni. Yamepunguzwa kidogo ili yasomeke.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na kwa kuwa ananifahamu amekaa palepale chini ya saa ya ukutani.

Nimeombwa nizungumzie kufuma mablanketi ya watoto wachanga kwa nyuzi zilizobaki. Nitazungumza, ila naanza na ugomvi. Katika vikundi nilivyopita, kuanzia kwetu Mikindani mpaka Masasi, nimeona neno "mabaki" limegeuzwa ruhusa. Uzi umebaki, basi fuma tu, mradi umeisha. Mwekundu mnene umefuatana na kijani chembamba, upande mmoja umekaza, upande mwingine umelegea mpaka blanketi linajikunja lenyewe ukiliweka chini. Uliza, utajibiwa, "Aa mama, si mabaki tu!"

Jamani, mtoto hajui kwamba ni mabaki. Anachojua ni kama kitu kinamchoma, kinambana, kinamtoa jasho, au kinamstarehesha. Uzi mpya kiwanda kimeshaupanga: unene mmoja, rangi moja, aina moja, na karatasi imeandikwa ufuliwe vipi. Mabaki hayajapangwa na mtu. Mpangaji ni wewe. Kwa hiyo mwenye kufumia mabaki anatakiwa awe makini zaidi ya yule mwenye pesa ya uzi mpya, na hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote ni maelezo yake.

Niruhusuni niingie kwa mlango ninaoujua. Mimi ni mkunga mstaafu, kroshia niliijua kabla ya ukunga, lakini wodi ya wazazi ndiyo iliyonifundisha blanketi linatakiwa lifanye nini.

Mtoto anazaliwa ameloa. Ametoka mahali pa joto, yuko hewani, na yale maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake. Sisi tukisikia baridi tunatetemeka, na kutetemeka kunatupa joto. Yeye hawezi kutetemeka hivyo. Anategemea mafuta maalumu aliyozaliwa nayo, mengi yake yako shingoni na katikati ya mabega, ambayo mwili unayachoma ili upate moto. Aliyezaliwa kabla ya siku zake hana akiba ya kutosha ya mafuta hayo. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5, na likishuka chini ya hapo ananyonya kwa shida, na asiponyonya anazidi kupoa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema akaushwe mara moja, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili, avishwe kofia, na kuogeshwa kusubiri hadi saa 24 zipite. Namwona bibi mmoja pale anatikisa kichwa kwenye hilo la kuoga. Bibi, tutaonana nje.

Na hawa wadogo kabisa, njiti, wanalelewa kifuani kwa mama usiku na mchana. Huduma hiyo ya kangaroo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kutunzia joto, akaona kifua cha mama kinaweza kazi ileile. Leo iko kwenye wodi zetu. Blanketi kwenye huduma hiyo linakaa juu ya mgongo wa mtoto, halimtenganishi na mama. Shikeni hapo, maana ndipo vipimo vinapotokea: sentimita 75 kwa 75 zinatosha, au 75 kwa 90 ukipenda refu. Wanaofuma mita moja na zaidi kwa ajili ya kichanga wanatumia uzi wa watoto wawili kumfunika mmoja, na nusu yake inaburuzwa sakafuni.

Wala blanketi halikuja kuiondoa kanga. Kanga ndiyo inayompokea mtoto wa kwetu, ndiyo mbeleko, ndiyo shuka. Blanketi ni la juu ya kanga, tena kwa wakati wake. Kwetu pwani, Mtwara mjini au Lindi, kuanzia Novemba hadi Machi, mtoto aliyefungiwa ndani ya sufu anaonewa. Pitisha mkono nyuma ya shingo yake. Ukikuta jasho, vua. Ninyi huku juu ya uwanda wa Makonde mambo yenu mengine. Asubuhi ya leo nimesimama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda, sikuuona hata mto Ruvuma kwa ukungu. Juni na Julai ya Newala inataka blanketi. Kwa hiyo mkifuma kwa ajili ya ndugu wa pwani, fumeni jepesi la pamba lenye kupitisha hewa. La huku liwe zito kidogo na vitanzi vilivyokaribiana.

Ila, usiku, mtoto anapolala, blanketi lisifike usoni na lisiachwe limelegea karibu na kichwa chake. Najua baadhi yetu tunawafunika gubigubi kwa sababu ya mbu. Mbu wana chandarua chenye dawa. Blanketi halizuii malaria, linaziba pumzi.

Sasa uzi wenyewe.

Mkusanye mabaki yote mahali pamoja, halafu kabla hujafikiria rangi, tenga kwa aina. Karatasi ya kiwandani imeshapotea, utajuaje huu ni nini? Choma. Kata kipande kifupi, kishike kwa kibano, kipeleke kwenye mshumaa, watoto wakiwa mbali. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika. Pamba inawaka haraka na inanuka karatasi, jivu lake laini. Uzi wa plastiki, ambao ndio mwingi madukani kwetu na unaitwa akriliki, unayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Kwa nini nawasumbua na moshi? Kwa sababu mbili, na zote ziko jikoni kwenu. Ya kwanza ni kuni. Mama wa huku anapika mtoto yuko mgongoni. Akriliki ikirukiwa na cheche inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Basi blanketi la akriliki ni la kitandani na la safari, mekoni abebwe kwa kanga, msinibishie. Ya pili ni maji. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Newala na Tandahimba habari za maji, ndoo mnazibeba ninyi. Blanketi la mtoto linatapikiwa, linakojolewa, linafuliwa mara kwa mara. La pamba nene linakunywa maji mengi na kwenye ukungu huu linaweza kukaa kamba siku mbili bado bichi. La akriliki linakauka upesi. Kwa hiyo siwezi kusema pamba ni bora kila mahali, ingawa wanaosema hivyo ni wengi. Huku akriliki laini ina haki yake. Sufu ndiyo ninayoikwepa kwa kichanga: inawasha baadhi ya ngozi, na ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa inasinyaa mpaka blanketi linabaki la mwanasesere.

Usichanganye aina kwenye blanketi moja. Rangi changanya utakavyo, aina hapana, maana kila moja inafuliwa kivyake. Na unene nao uwe mmoja. Ukiwa na uzi mnene na mwingine mwembamba, usiutupe mwembamba. Shika nyuzi mbili nyembamba kwa pamoja, zizungushe kwenye penseli zikilaliana ubavu kwa ubavu bila kupandana, kisha zungusha ule mnene pembeni yake. Mizunguko kumi ya huku ikichukua nafasi sawa na kumi ya kule, zitaishi pamoja. Isipolingana, ongeza wa tatu au tafuta mwingine.

Mabaki yenyewe hapa yanatoka wapi? Kwanza kwa mafundi wa masweta ya shule. Wanakuwa na mabunda yaliyobaki chini kabisa ya koni, na wengi watakupa kwa bei ya kukuondoa mlangoni. Pili ni masweta ya mtumba, na hapa nataka nikae, kwa sababu watu wananunua sweta zuri, wanafika nyumbani wanapata vipande vya sentimita 40, wanaapa hawarudii tena.

Sweta ligeuze ndani nje ukiwa bado sokoni. Angalia mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwembamba wa ovaloki, liache. Kitambaa kile kilifumwa kama jora kikakatwa, na kila mstari umekatwa mwisho wake. Unalolitaka ni lile ambalo ukingo wa kila kipande ni mzima, vitanzi vinageuka na kurudi, na mshono ni uzi uliopita tu kuunganisha. Hilo ukifumua uzi unakuja mmoja mrefu. Kata mshono wa kuunganisha kwa makini, tenganisha mbele, nyuma na mikono, halafu tafuta mwisho wa kufumia. Mara nyingi uko juu, shingoni au mabegani, kwani mfumaji alianzia chini. Ukianzia chini utahangaika na vifundo. Pia bana kitambaa kati ya vidole: kama vitanzi havionekani na kimekuwa kama blanketi la farasi, sufu hiyo imeshasinyaa, haitafumuka hata kwa dawa.

Uzi ukitoka unakuja umejikunjakunja. Usiufumie hivyohivyo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kipande cha uzi mahali panne ili usivurugike, uutoe, uufue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha uutundike na kitu chepesi kwa chini, chupa ndogo ya maji inatosha. Ukikauka umenyooka. Usiponyoosha, vipimo vyako vitadanganya, na blanketi litabadilika umbo siku ya kwanza ya kufuliwa.

Tumefika kwenye rangi, ambako najua wengi mlikuwa mnanisubiri.

Mabaki ya shule yana shida yake. Ni buluu ya giza, damu ya mzee, kijani kibichi na kijivu. Ukiziweka pamoja umepata mstari wa asubuhi, wanafunzi wamesimama wanasubiri mwalimu wa zamu. Dawa yake ni rangi moja inayowaka, moja tu, na kwangu mimi ni njano. Nunua mpya hata kama ni bunda dogo, hiyo ndiyo pesa pekee ninayowashauri mtoe. Blanketi tunalifuma miraba miraba kisha tunaiunganisha, basi kila mraba umalizie kwa mzunguko wa njano. Buluu iliyokuwa ya shule inakuwa ya bahari, damu ya mzee inachangamka. Wasuka mikeka wa ukindu wanalijua hili siku zote: ukili wenye rangi si mwingi kwenye mkeka, lakini umewekwa mahali ambapo jicho linaufuata kutoka ncha hadi ncha. Blanketi la miraba ni ndugu wa mkeka, vipande vingi na uzi mmoja unaovijumuisha.

Na msiogope rangi kali. Hizi za maziwa, pinki iliyofifia na buluu iliyofifia, ni za kumfurahisha mtu mzima. Kichanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titini hadi usoni kwa mama, na katika wiki za mwanzo kinachomvuta ni tofauti kubwa ya mwanga na giza. Rangi nyingine anaanza kuzipambanua vizuri kadiri miezi inavyokwenda. Mraba wa buluu ya giza uliozungushiwa njano anao wa kuutazama. Mraba wa pinki hafifu kwenye nyeupe kwake ni ukuta.

Rangi inayochuja ndiyo adui. Nyekundu na buluu ya giza ndizo wakosaji wakubwa. Kabla ya kufuma, lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, kikandamize. Kitambaa kikipata rangi, uzi huo fumia kapu. Mtaambiwa loweka kwenye siki na chumvi rangi itashika. Haishiki. Siki ina kazi wakati wa kutia baadhi ya rangi kwenye sufu. Uzi uliokwisha tiwa rangi kiwandani ukichuja umechuja, na siki yako ingefaa kwenye kachumbari.

Kufuma kwenyewe mnajua, nitapita haraka. Sindano ya kroshia ya milimita 4 hadi 5 kwa uzi wa unene wa sweta la shule. Asiye nayo, spoku ya baiskeli iliyosuguliwa na kupindwa ncha inafanya kazi kwa nyuzi nyembamba, na kwa nene mchongaji mzuri wa huku kwenu atakutolea ya mpingo nzuri kuliko ya dukani, mradi aisugue mpaka isikwaruze. Mraba unaanzia katikati na kuzunguka, pembe nne, kila pembe unaongeza. Ukiinuka katikati kama kofia, umeongeza kidogo mno. Ukifanya mawimbi, umezidisha. Matundu yasiwe makubwa. Kidole changu kidogo kikipita, kidole cha mtoto kitapita, na mguu wa mtoto unaorusha mateke una vidole vitano vya kunasa.

Mnachopuuza ni ncha. Blanketi la uzi mmoja lina ncha chache. La mabaki, kila ulipobadilisha rangi umeacha ncha mbili, na zikifika mia unachoka, unapiga fundo, unakata karibu, unasema liende. Fundo hilo ndilo tatizo. Kwanza linamchoma mtoto anapolalia. Pili, kwenye uzi wa akriliki unaoteleza, linafunguka, na ncha inatoka. Sasa nisikilizeni kama mkunga: uzi mrefu uliolegea ukizunguka kidole cha mtoto, na yeye anapindapinda mkono, unakaza. Damu haipiti, kidole kinavimba, na uzi unazama kwenye uvimbe usiuone. Mama anasikia kilio tu. Mtoto akilia bila sababu unayoijua, fungua kila kitu uangalie vidole vya mikono na miguu, na wa kiume angalia na uume. Ukikuta uzi umezama, kimbilia kituo cha afya, usisubiri kesho.

Kwa hiyo kila unapobadilisha rangi, acha ncha ya sentimita 12 au 15. Ilaze juu ya mstari wa chini ufume juu yake, vitanzi sita au saba, ifunikwe humohumo. Kinachobaki kiingize kwenye sindano butu, ukirudishe upande ulikotoka, kisha ukigeuze tena. Njia tatu. Vuta blanketi kila upande ndipo ukate. Na fanya mraba kwa mraba, kabla hujaanza mwingine. Anayeweka ncha zote za mwisho anajiwekea adhabu, na adhabu ikifika anaikwepa kwa fundo.

Kuhusu kuuza, dakika chache maana mwenyekiti ameshanyanyua kidole. Kroshia haijapata mashine inayoifuma kwa kweli. Mashine zinaiga sura yake. Kila mraba wa kroshia ulioko duniani umepita kwenye mkono wa mtu. Kule Ireland, kwenye njaa kuu ya miaka ya 1840 viazi vilipooza, lesi za kroshia ziliuzwa na familia zikapata chakula. Walihesabu jioni zao. Ninyi mkisema "uzi ulikuwa bure" mnauza jioni zenu bure. Lakini pia sishauri mchukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa akina mama, mkanunue shehena ya nyuzi. Mkopo ukawe wa kuku au wa mashine ya kubangulia korosho. Kazi hii uzuri wake ni kwamba inaanza na gunia la mafundi.

Tukawa na maswali. Dada mmoja aliuliza kama uzi wenye manyoya unafaa. Kwa mtoto, hapana, manyoya yanatoka na yanaishia mdomoni.

Bibi yule wa kuoga akasimama, nikajua ni zamu yangu. Aliuliza kuhusu nyeusi: anazo nyuzi nyeusi nyingi, naye anapenda zinavyoipa nguvu njano, lakini mkwe wake anasema hataki mjukuu afunikwe cheusi. Nilimwambia kwa macho ya fundi anasema kweli, duru moja ya nyeusi inazipandisha rangi nyingine zote. Lakini blanketi linakwenda nyumbani kwa mkwe, si kwangu wala kwake, na blanketi lisilopendwa na mwenye nyumba litatandikwa chini ya mlango. Atumie buluu ya giza. Imejaa tele kwenye gunia nililokuja nalo, liko pale kwenye kona nyuma ya mlango, na wenye mikasi waje mbele tuanze kutenga.